Tuombeeni, Lakini Msimwambie Mtu

"Hiki kioo ni cha nani?"

Mume wangu hakujibu. Alikuwa ameinama mlangoni akinipa mgongo, anafunga kamba za viatu kana kwamba aliyesema ni ukuta.

"Baba, nakuuliza wewe!"

Akahamia kiatu cha pili. Nikamzunguka, nikasimama mbele yake na kioo mkononi. Kilikuwa kioo kidogo cha duara, cha kukunja, cha kukaa kwenye mkoba wa mwanamke. Mimi sina cha namna hiyo. Nilikikuta kwenye begi lake, katikati ya Biblia na daftari la mahubiri.

Alipokiona akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Aa, hicho? Changu."

"Chako? Kichwani huna nywele, ndevu unanyolea bafuni. Unakitazamia nini?"

"Usafi, mke wangu. Mtumishi lazima awe nadhifu."

"Miaka kumi na tatu nafua soksi zako, leo ndiyo umepata wito wa unadhifu?"

Akacheka kicheko kifupi cha mtu anayetafuta pa kutokea. Akachukua kioo, akakitumbukiza begini, akasema wagonjwa wanamsubiri, akaondoka. Nikabaki nimesimama mlangoni.

Huo ulikuwa mwaka wetu wa sita katika nchi ya watu. Kanisa letu la nyumbani lilitutuma wote wawili: yeye mchungaji, mimi nesi mwenye stashahada yangu. Tuliishi juu ya zahanati ya misheni. Yeye alishughulika na roho, mimi nikapima presha, na Jumapili tulikutana na waumini wetu sitini na kidogo katika ukumbi wa shule. Ndoa yetu ilikuwa ya kawaida. Tuligombana kuhusu viatu na taulo, tukasameheana kabla chai haijapoa.

Lakini kwa miezi saba mtu huyu alikuwa amebadilika. Simu yake haikulia tena, ilitetemeka tu mfukoni mwa shati, karibu na moyo. Ikitetemeka, hapokei. Anaandika ujumbe huku amegeukia dirishani. Wanawake wakimsalimia baada ya ibada, hawaangalii machoni, anawatazama midomo! Mimi nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Kisha siku moja akamwambia kiongozi wa kwaya anyoe masharubu.

"Masharubu yake yamekukosea nini?" nilimuuliza.

"Yanafunika uso. Injili inataka uso wazi."

"Mstari gani huo?"

Akajifanya anatafuta miwani.

Na juzi yake nilikuwa jikoni nikimkaripia, nikageuka nikakuta amenielekezea simu.

"Unanipiga picha ya nini nimefunga kitambaa kichwani?"

"Kumbukumbu tu."

Kumbukumbu! Nikajiuliza anampelekea nani, wakae wanicheke.

Hata binti yetu wa miaka kumi na moja alikuwa ameona.

"Mama, baba siku hizi anakubali kila kitu."

"Kila kitu kama nini?"

"Jana nilimwomba mbwa. Akasema 'sawa, mwanangu.' Nikamwomba wawili. Akasema 'sawa' tena. Tutawaweka wapi?"

Nilicheka mbele ya mtoto. Moyoni sikucheka. Mwanamume anayekubali kila kitu nyumbani, akili yake ina nyumba nyingine.

Jioni ya siku ile ya kioo aliacha simu mezani akaenda kuoga. Ikatetemeka, ikasogea kwenye kitambaa cha meza hadi mbele yangu, kama iliyotumwa. Jina lilikuwa "J5". Sina tabia ya kusoma ya watu. Ile nikaisoma. Lugha ya wenyeji naijua ya kutosha, huwezi kuchoma watu sindano miaka sita usijue lugha yao.

"Jumatano saa nane kama kawaida. Wiki iliyopita ulinifurahisha sana. Njoo peke yako, na simu yenye zile video za mkeo."

Nikaisoma mara tatu. Peke yako. Video za mkeo. Nikairudisha simu pale pale ilipokuwa.

Alipotoka bafuni nilimuuliza kwa utulivu, nikimtazama usoni:

"Jumatano mchana unakwenda wapi siku hizi?"

"Kwa wazee wa kanisa. Mafunzo."

"Wazee gani?"

"Wale wale."

Alinidanganya akiwa amejifunga taulo, maji yanamchuruzika, na macho yake hayakupepesa.

Sasa kanisa letu lina utaratibu wake. Kila mmisionari ana mwombezi wake nyumbani, mtu mmoja wa kumwambia yale yasiyoandikika katika barua ya kila mwezi. Barua inasema watu wangapi wamebatizwa. Mwombezi anaambiwa nani amelia. Wangu alikuwa shoga yangu wa siku nyingi, kiongozi wa akina mama, tunayemwita Mama Maombi. Asubuhi nikajifungia kwenye stoo ya dawa, nikampigia.

"Shoga, niombee. Nadhani mume wangu ana mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu, mtu! Usinifanye nitamke."

"Weee! Mchungaji? Yule anayemwombea mbu kabla hajampiga?"

"Huyo huyo."

"Una ushahidi au una hasira?"

"Nina kioo na ujumbe wa simu. Na wanakutana kila Jumatano."

"Yesu wangu! Huyo mwanamke anaitwa nani, tumwombe kwa jina?"

"Jina sina. Ni wa huku huku. Na nisikilize, hili ni la kwangu na lako."

"Mwenzangu, mimi ni kaburi."

Kumbe kaburi lenyewe lilikuwa halijafukiwa.

*

Jumatano saa saba na nusu nilimwambia daktari nina dharura ya familia, nikavua koti jeupe, nikamfuata mume wangu.

Alitembea haraka, begi begani. Nilibaki hatua thelathini nyuma, nikipita ukuta kwa ukuta. Wakati mmoja mguu wangu ulipiga kopo tupu barabarani, likabingirika kwa kishindo mpaka mbwa wakabweka. Nikaganda. Hakugeuka. Nikasema, mapenzi yamemziba huyu.

Aliingia jengo la ghorofa tatu karibu na kiwanda cha mikate. Nikapanda ngazi nyuma yake nikihema. Ghorofa ya juu, mlango wa mwisho ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Nikachungulia.

Walikuwa wamekaa uso kwa uso, magoti yanakaribia kugusana. Mwanamke wa rika langu, kapendeza, midomo kaipaka rangi nyekundu ya kung'aa, na midomo hiyo ilikuwa inachezacheza polepole bila sauti yoyote. Mume wangu anaitazama kama anayesoma Zaburi.

Damu ikanipanda. Nikasukuma mlango ukagonga ukuta.

"Hongereni!" nikasema kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Endeleeni, msinijali! Mimi ni mke tu!"

Mwanamke akaruka kutoka kitini. Mume wangu hakutikisika. Nilikuwa hatua mbili nyuma ya kisogo chake, mlango umelia kama bunduki, nimepiga kelele, na mtu yule ameendelea kukaa, anamtazama yule mwanamke kwa mshangao, anauliza:

"Vipi? Kuna nini?"

Mpaka alipofuata macho ya yule mwanamke ndipo akageuka akaniona.

Mimi ni nesi. Nimepima masikio ya watu nisioweza kuwahesabu. Nasimama nyuma ya mgonjwa, napiga makofi, naandika. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Hasira yote ikashuka miguuni na mahali pake pakaja kitu kibaya kuliko hasira.

"Tangu lini?" nikamuuliza, sasa nikiwa mbele yake.

Akainama.

"Usiiname, utaona wapi ninachosema? Tangu lini husikii?"

"La kushoto lilianza mwaka juzi. La kulia lilifuata mwaka huu."

"Limebaki kiasi gani?"

"Kidogo. Ukiwa karibu, ukinitazama, nakupata. Ukigeuka, umekwenda."

Yule mwanamke akasogeza kiti, akanikaribisha nikae. Aliongea lugha ya kwao taratibu, kila neno likitoka mdomoni likiwa limekamilika.

"Mimi ni mwalimu. Nawafundisha watu wazima waliopoteza usikivu kusoma midomo. Mumeo ni mwanafunzi mzuri."

"Na hiyo rangi?"

"Ili waone. Nikiwa nyumbani sijipaki hata mafuta."

"Na kioo?"

"Anajitazama akisema maneno, ajue kila neno lina umbo gani. Nilimwambia asikiache."

"Na peke yake kwa nini?"

"Mwanzoni wanaona aibu, mama. Akija mtu wao wanalia."

Nilikuwa nimebakiwa na swali moja, nililiogopa.

"Na video zangu?"

Akachukua simu ya mume wangu, akaiegemeza kwenye kikombe, akaiwasha. Nilikuwa mimi, na kitambaa changu kichwani, mwiko mkononi, namkaripia mtu. Sauti ilikuwa imezimwa.

"Lugha yetu ameshaiweza," mwalimu akasema. "Angeweza kuishia hapo. Lakini kila wiki ananiambia, hii haitoshi, nataka kumwelewa mke wangu. Mimi lugha yenu siijui. Kwa hiyo tunaweka video, anatazama, anabahatisha, kisha anafungua sauti kidogo kwenye vipokea sauti vya masikioni kuona kama amepatia."

"Na anapatia?"

"Mwulize."

Mume wangu akaisogelea ile simu.

"Hapo unasema viatu vyangu vitajifunza lini kwenda kabatini vyenyewe."

"Ndivyo."

"Na hapo unasema mimi na binti yangu ni kama ndugu wa baba mmoja, mama mmoja."

Ndivyo nilivyosema hasa. Nikacheka, kicheko kikavunjika katikati. Miezi saba mtu huyu alikuwa akijifunza makaripio yangu kwa moyo.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Mimi, nesi, mkeo!"

"Kwa sababu wewe ndiye nesi. Kila mwaka ni wewe unayejaza fomu ya afya ya kamati. Ningekwambia, ungeandika. Ukiandika, tunarudishwa. Sheria unaijua, asiyeweza kusikia watu hatumwi kwa watu."

"Kwa hiyo ukaona mimi sijui kudanganya, ukadanganya wewe kwa niaba ya familia."

"Nilitaka kwanza niweze. Kisha nikwambie."

Kabla sijamjibu simu yangu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya umisheni, mzee ambaye hupiga Krismasi na kwenye misiba tu.

"Mama Mchungaji, pole sana binti yangu kwa yaliyokupata."

"Yapi, mzee?"

"Usijikaze. Kanisa zima tumeingia siku ya pili ya mfungo. Tunajua mchungaji ameanguka."

"Ameanguka wapi?"

"Na mwanamke wa huko. Kamati inakaa Jumamosi saa nne, muwe mbele ya kompyuta wote wawili. Tiketi za kuwarudisha zinaandaliwa."

Nilipokata simu nikakuta ujumbe ambao dada yangu alinitumia asubuhi, akiuliza kama ni kweli. Ulikuwa ujumbe wa kundi la kanisa, watu mia mbili na kumi na nne:

"Wapendwa, tusimame kwa zamu kuiombea ndoa ya mtumishi wetu wa ng'ambo. Adui amemnasa kwa mwanamke wa kule, kila Jumatano. Mkewe amelia sana. Tuombeeni, lakini msimwambie mtu. Mama Maombi."

"Nani huyo?" mume wangu akauliza. "Uso wako umebadilika. Wamesema nini?"

Ningeweza kumwambia lolote. Ningeweza kusema ni daktari ananihitaji, na asingejua mpaka Jumamosi. Nikaona jinsi ilivyo rahisi kumficha mtu asiyesikia, nikaogopa ulimi wangu mwenyewe. Nikampa simu asome.

Alisoma. Akasoma tena.

"Uliwaambia mimi mzinzi?"

"Nilimwambia mmoja."

"Hukuniuliza mimi, ukawauliza watu mia mbili?"

"Nilikuuliza! Ukaniambia mafunzo ya wazee!"

"Miaka kumi na tatu, Nesi. Umenijua miaka kumi na tatu."

"Nilimjua aliyekuwa ananijibu nikimwita. Huyu wa miezi saba sikumjua. Nimekukosea, na sitalipamba. Lakini shimo lile ulilichimba wewe, mimi nikalijaza uchafu."

Mwalimu alikuwa haelewi neno hata moja la lugha yetu. Akatutazama wote wawili, akaondoka polepole kwenda kuchemsha maji ya chai.

*

Siku mbili zilizofuata tuliongea kama watu wa ofisi moja. Chumvi iko wapi, mtoto amekula. Kila nilipotaka kusema kitu nilimgusa bega kwanza ageuke, naye aligeuka, akanitazama mdomo, akajibu, akarudi kwenye daftari lake. Hakuninunia. Alikuwa ameumia, na kuumia kwa mtu mpole kunatisha kuliko kubamiza milango.

Ijumaa nikampigia Mama Maombi.

"Shoga, nilikuomba uniombee. Sikukuomba unitangaze."

"Mimi sijatangaza! Nimewaambia waombaji tu."

"Watu mia mbili na kumi na nne?"

"Na wote wanaomba, mwenzangu! Wengine hawajawahi kuhudhuria hata mkesha, lakini kwa hili wamefunga."

"Kwa sababu lina utamu. Ungewaambia tuna upungufu wa bandeji wangefunga?"

Nikamweleza ukweli, wa masikio, wa midomo, wa video. Nikamsikia anavuta kamasi.

"Sasa niseme nini kwenye kundi?"

"Sema ulichokosea, kwa herufi kubwa kama ulizotumia kukosea. Na useme mimi ndiye niliyeanza."

Lile kaburi safari hii lilifukuliwa kwa faida. Kufikia jioni ujumbe ulikuwa umeandikwa, na mimi nilikuwa nimejaza fomu ya afya, nikaituma kwa kamati. Sikumuuliza mume wangu. Nilimwonyesha tu kabla sijaituma.

"Umeandika yote," akasema.

"Yote."

"Nilijua ungeandika." Lakini hakuiondoa mkononi mwangu.

Jumamosi saa nne tulikaa mezani mbele ya kompyuta, binti yetu tumempeleka kwa mwalimu wa kusoma midomo, aliyejitolea kukaa naye. Nyuso sita zikatokea. Mwenyekiti alikuwa na masharubu mazito yaliyofunika mdomo wote, kama pazia. Mume wangu akanitazama kwa kukata tamaa.

"Mzee, hakusikii wala hakusomi," nikasema. "Mimi nitarudia, yeye anitazame."

"Isije ikawa mke anamjibia mume," akasema mjumbe mmoja.

"Sijibu. Narudia. Hata mkimtukana nitarudia."

Wakaanza. Nikakaa ubavuni mwa kompyuta, uso wangu kwake, nikirudia kila sentensi.

"Mwambie tumesikia si mwanamke. Tunashukuru Mungu. Lakini amedanganya."

Nikarudia mpaka kwenye "amedanganya". Nililitamka vizuri kuliko yote.

"Ni kweli," mume wangu akajibu. "Nilimdanganya mke wangu, na nyinyi nikawadanganya kwa kunyamaza. Kwa hilo sina la kujitetea."

"Mwulize, mchungaji asiyesikia atamsikilizaje muumini anayelia?"

Nikarudia. Akafikiri.

"Zamani walipolia nilikuwa natafuta mstari wa kuwapa. Siku hizi lazima niwatazame mpaka wamalize."

Mwenyekiti akageukia karatasi zake.

"Mama Mchungaji, fomu yako tumeiona. Umeandika sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki robo. Mbona kwenye 'anafaa kwa kazi' umeacha wazi?"

"Kwa sababu nimepima masikio, mzee. Kufaa waulizeni waumini wa hapa. Tuliwaeleza juzi, wakaandika barua niliyowatumia pamoja na fomu, wamesaini hamsini na nane."

"Na yule kiongozi wa kwaya ambaye umeandika kuwa aliambiwa anyoe masharubu?"

"Naye amesaini. Ingawa kwa shingo upande."

Mtu mmoja kwenye kompyuta akacheka, akaomba radhi. Wakazima sauti, wakashauriana. Tuliona midomo yao tu ikienda. Mume wangu akajaribu kuisoma, akashindwa, akaacha. Sauti ikarudi.

"Kamati haitawalazimisha kurudi," mwenyekiti akasema. "Mnaweza kurudi atibiwe huku, au mkabaki mwaka mmoja tuone. Lakini tunataka kusikia kutoka kwake mwenyewe. Mwulize anataka nini."

Nikamgeukia mume wangu. Sikutoa sauti. Nikasema kwa midomo mitupu, polepole, neno kwa neno:

"Nisamehe. Ukibaki nabaki, ukirudi narudi. Ila ukinificha tena nitakuacha na hicho kioo chako."

Alinitazama mdomo mpaka mwisho. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, uso wake ukalegea.

"Nimekusamehe," akasema kwa sauti. "Na sitakuficha tena."

"Hallo?" mwenyekiti akaita. "Huku hatukusikia swali. Na hilo si jibu la kamati!"

"Ni jibu langu, mzee," nikamwambia. "La kwenu namuuliza sasa hivi."